Samaki anayeshika mwamba: kazi yote iko ukingoni

Maji yanapokupwa katika pwani za mawe za Pasifiki ya Amerika Kaskazini, kuanzia kusini-mashariki mwa Alaska hadi Baja California nchini Meksiko, chini ya mawe hubaki samaki mdogo aliyejibandika kwa tumbo. Kichwa chake ni kipana na bapa, mkia mwembamba, ngozi tupu isiyo na magamba, yenye ute mzito. Wanasayansi humwita Gobiesox maeandricus. Hana jina lililozoeleka kwa Kiswahili, kwa hiyo hapa tutamwita king'ang'anizi. Hufikia sentimita 16 hivi, ingawa wengi ni wafupi kuliko hapo.

Ukitaka kumbandua kwa kumvuta moja kwa moja juu, utahitaji nguvu inayozidi uzito wake mara 80 hadi 230. Takwimu hiyo imesambaa sana, na maelezo yanayoambatana nayo huwa mafupi mno: "ana kikombe cha kunyonya tumboni." Ni kweli, lakini haijaeleza kitu. Kikombe cha mpira cha kutundikia taulo nacho hunyonya, na bado kinaanguka kwenye kigae chenye mchubuko mdogo tu. King'ang'anizi anashika jiwe la pwani, lenye mikwaruzo, mashimo, mchanga na utelezi wa mwani. Swali lenyewe basi ni kwa nini cha kwake hakivuji.

Kwanza tumtenganishe na samaki wengine wanaojibandika. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atamfikiria chazo, yule anayefuatana na papa na kasa, ambaye wavuvi wa Zanzibar na pwani jirani walimfunga kamba mkiani na kumwachia akamshike kasa. Chazo ana kifaa chake juu ya kichwa, kilichotokana na pezi la mgongoni, na kimejaa mistari ya vibao vidogo vinavyoinuka na kulala. King'ang'anizi hana undugu wa karibu naye. Diski yake iko chini, nyuma kidogo ya koo, na imeundwa na mapezi ya tumboni pamoja na ngozi na mifupa ya eneo la kifua. Kuna pia samaki wadogo wa mwambani ambao mapezi yao ya tumboni yameungana yakawa kama bakuli dogo. Hao ni wa ukoo wa Gobiidae. Njia ya haraka ya kuwatofautisha ni mgongo: wengi wa Gobiidae wana mapezi mawili ya mgongoni, moja nyuma ya lingine, na king'ang'anizi ana moja tu, lililosogea nyuma karibu na mkia.

Sasa tuingie kwenye diski yenyewe.

Watu husema kikombe "kinavuta" ukuta. Hakuna kinachovuta. Kikombe kikibanwa, maji au hewa hutoka chini yake. Kikiachiwa, mpira hujaribu kurudi kwenye umbo lake, nafasi ya ndani hupanuka, na mgandamizo wa ndani hushuka kuliko wa nje. Kinachokishikilia ni hewa na maji ya nje yanayokisukuma ukutani. Usawa wa bahari, hewa inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Kiasi hicho ndicho angahewa 1, na karibu na uso wa bahari ndicho kipimo kinachofaa kukumbukwa.

Chukua mfano. Samaki wa gramu 10 mwenye diski ya sentimita za mraba 4, na mgandamizo ndani ya diski umeshuka kwa angahewa 0.3 chini ya wa nje. Zidisha 4 kwa 0.3, unapata kilo 1.2. Hiyo ni mara 120 ya uzito wake. Kumbe takwimu ya kushangaza haihitaji gundi wala muujiza wowote. Eneo dogo tu na tofauti ndogo ya mgandamizo vinatosha. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2013 na Dylan Wainwright, Adam Summers na wenzao, kutoka kituo cha utafiti wa bahari cha Friday Harbor katika jimbo la Washington, Marekani, vilionyesha tofauti ya angahewa 0.2 hadi 0.5. Jambo la kutilia maanani zaidi ni kwamba samaki alishika karibu sawasawa kwenye sehemu laini na kwenye sehemu zilizokwaruzika, wakati vikombe vya dukani vilishika kwenye sehemu laini kabisa tu.

Hapo hapo tuondoe utata mwingine. Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo, mara 80 kwa mmoja na 230 kwa mwingine? Sehemu ya jibu ni hesabu ya umbo. Samaki akiongezeka urefu mara mbili bila kubadilika umbo, eneo la diski huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Uwiano unashuka nusu. Kwa hiyo mdogo huonekana shujaa zaidi kuliko mkubwa hata kama diski zao ni bora sawasawa. Isitoshe, uzito si adui wa samaki aliye majini. Maji yenyewe yanambeba. Kinachombandua ni mkondo. Maji yanayokwenda mita 5 kwa sekunde husukuma kwa mgandamizo wa karibu angahewa 0.13. Yakifika mita 10 kwa sekunde, kasi ambayo mawimbi ya pwani iliyo wazi huweza kuifikia, kiasi hicho huwa mara nne, yaani takriban 0.5. Linganisha na uwezo wa diski, 0.2 hadi 0.5, utaona akiba inakwisha wapi, na kwa nini samaki huyu, pamoja na nguvu zake zote, hupendelea kukaa chini ya jiwe badala ya juu yake.

Turudi kwenye kikombe kinachoanguka, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani kinaanguka kwa sababu mvuto umezidi ule mgandamizo. Mara nyingi sivyo. Ukikivuta kikombe katikati, nafasi ya ndani hupanuka, mgandamizo unashuka zaidi, na ule msukumo wa nje unaanza kuusukuma ukingo kuelekea katikati. Ukingo wa mpira laini huteleza ndani. Ukiteleza milimita moja au mbili tu ukakutana na mfereji kwenye ukuta, maji huingia, tofauti inafutika, kikombe kimekwisha. Kushindwa kunaanzia ukingoni kwa kuteleza. Kuvuja huja baadaye.

Kwa hiyo anayetaka kushika mwamba anatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Ukingo uwe laini, ujaze kila shimo. Na ukingo huohuo uwe mgumu, usikunjike kuelekea katikati. Mtengenezaji wa mpira akichagua ulaini, kikombe hujikunja. Akichagua ugumu, kinavuja. King'ang'anizi amegawa kazi. Ndani ya diski kuna mifupa na miiba laini ya mapezi inayoshikilia umbo lisiporomoke. Pembeni kabisa kuna ngozi nyororo inayojilaza juu ya mwamba. Na juu ya ngozi hiyo kuna kitu cha tatu ambacho kikombe cha dukani hakina.

Mgeuze samaki uangalie ukingo kwa kioo cha kukuzia. Utaona vinundu bapa vilivyopangwa karibu karibu, vimetenganishwa na mifereji myembamba. Kwa hadubini ya elektroni, kila kinundu kimejaa vijinywele vilivyosimama wima, na kila kijinywele kimegawanyika nchani kuwa nyuzi ndogo zaidi, chini ya maikroni 1 kwa unene, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukubwa wa nyuzi hizo unakaribiana na ule wa nyuzi za miguu ya mjusi kafiri anayetembea darini. Ndiyo maana wengine hukimbilia kusema king'ang'anizi hunata kama mjusi. Tahadhari hapo. Mjusi hutegemea mvutano wa molekuli, na kazi hiyo ni ngumu zaidi penye maji. Wazo lenye nguvu zaidi kuhusu samaki huyu ni kwamba nyuzi zake huongeza msuguano: zinajipenyeza kwenye mikwaruzo midogo kabisa ya mwamba na kuuzuia ukingo usiteleze ndani. Kufyonza hufanywa na diski nzima, nyuzi zinalinda mpaka.

Wazo hilo linawezaje kupimwa? Mwaka 2014 Petra Ditsche, akiwa na Wainwright na Summers, alichapisha jaribio ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mada nzima. Waliweka vibao vya ukali tofauti baharini kwa wiki 6 hadi vikafunikwa na utando wa bakteria na mwani, kisha wakapima nguvu ya samaki kwenye vibao vichafu na visafi. Kwenye kibao laini, uchafu haukuleta tofauti. Kwenye vibao vyenye mikwaruzo, nguvu ilipungua. Kama mshiko ungetokana na kuziba tu, utando mlaini ungetarajiwa kusaidia kujaza mashimo. Lakini kama mshiko unategemea msuguano wa ukingo, utando unafanya kazi ya kilainishi, ukingo unateleza mapema, na kila kitu kinashindwa kabla ya wakati. Matokeo yanaelekea upande wa pili. Hata hivyo samaki hakuwa mnyonge: kwenye sehemu zenye uchafu bado alishika kwa nguvu ya takriban mara 150 ya uzito wake.

Jaribio hilohilo lilitafuta pia mpaka wa ukali anaoweza kuuhimili. Samaki wakubwa, wa sentimita 10 hadi 12, waliweza kushika sehemu iliyotengenezwa kwa punje za milimita 2 hadi 4. Ni kokoto hizo, si mchanga. Wadogo walishindwa mapema zaidi. Hapa saizi inamsaidia mkubwa: ukingo mpana na mnyumbufu unajipinda juu ya bonde kubwa zaidi. Kwa hiyo mdogo ana uwiano bora wa nguvu kwa uzito, na mkubwa ana uhuru zaidi wa kuchagua jiwe. Anayesoma namba moja tu kati ya hizo mbili atapata picha ya upande mmoja.

Wahandisi hawakukaa kando. Mwaka 2019 Ditsche na Summers walionyesha kikombe cha kutengenezwa kilichofuata mpango wa diski hii: mwili wenye uimara wa kutosha na ukingo wa tabaka laini lenye msuguano mkubwa, kinachoweza kushika jiwe lisilo sawa. Mwaka huohuo timu ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilichapisha diski laini yenye mikato ukingoni, inayofanya kazi ndani ya maji na nje pia. Moja ya matumizi yanayotajwa ni kubandika vifaa vya kufuatilia nyangumi bila kumtoboa ngozi. Anayejaribu kutengeneza cha kwake nyumbani akumbuke mahali panapoharibika: kumwaga silikoni laini peke yake kwenye kalibu kutampa kikombe kinachoziba vizuri na kujikunja mara tu kinapovutwa. Tabaka laini liwe jembamba, liishie pembezoni, na kitako kiwe kigumu zaidi.

Sasa samaki mwenyewe na maisha yake, maana diski haikuumbwa kwa ajili ya maabara.

Faida ya kwanza ni kubaki mahali penye chakula wakati wengine wanasombwa. Faida ya pili huonekana vizuri zaidi kwa ndugu yake wa Afrika Kusini, Chorisochismus dentex, anayefikia sentimita 30 na kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo huu. Chakula chake kikubwa ni wale konokono wa mwambani wenye gamba la umbo la kawa. Aliyewahi kujaribu kumng'oa konokono huyo kwa vidole anajua: ukimgusa mara moja akajibana, basi tena. Samaki huyu hufanya kwa mbinu ya mshtukizo. Meno yake ya mbele, makubwa na yaliyochomoza, huingizwa chini ya ukingo wa gamba kabla mwenyewe hajakaza, kisha samaki hujizungusha mwili mzima na kumgeuza. Ni mshikaji anayeishi kwa kuwabandua washikaji wengine, na mbinu yake ni ileile: anza ukingoni.

Kwenye pwani ya Chile na Peru yuko Sicyases sanguineus, naye wa saizi hiyohiyo, ambaye hukaa juu kabisa mahali pa mapovu ya mawimbi na hutoka nje ya maji waziwazi. Wachile humwita pejesapo na humla. Si wote wa ukoo huu walio hodari hivyo. Diademichthys lineatus wa Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi ni mwembamba kama kijiti, mwenye mistari ya njano, na huelea katikati ya miiba mirefu myeusi ya shokomzo. Diski yake ni ndogo. Aliyejificha penye miiba ya namna ile hahitaji sana kung'ang'ania mwamba, na mtu anayedhani kila mwanaukoo ana nguvu za mara 200 atapotoka akimwangalia huyu.

Maji yakikupwa kabisa, king'ang'anizi wa Pasifiki hubaki chini ya jiwe penye unyevu na kuendelea kupumua hewa. Sharti ni ngozi na matamvua visikauke. Joto na upepo ndivyo vinavyomuua, wala si kukosa dimbwi. Mayai nayo hubandikwa chini ya jiwe, safu moja bapa, yai kando ya yai, na dume hukaa karibu kuyalinda mpaka yaanguliwe.

Hilo la mayai ndilo linaloamua namna ya kumtafuta. Chagua siku za bamvua, ufike ufukweni saa moja hivi kabla ya maji kufika chini kabisa, ili ufanye kazi yakiwa bado yanashuka na usigeuzwe na yanayopanda. Kagua kwanza sheria za eneo, kwani sehemu nyingi za hifadhi zinakataza kugusa viumbe. Tafuta mawe yaliyokaa juu ya changarawe, yenye nafasi na unyevu chini. Jiwe lililozama kwenye matope huwa halina kitu. Inua upande mmoja kwa kulivuta kuelekea kwako, ili kitakachotoka kikimbilie upande wa pili na jiwe lisikuangukie miguuni. Angalia uso wa chini wa jiwe, si ardhi tu. Wengi humkosa kwa sababu wanatazama chini ilhali samaki ameinuka pamoja na jiwe.

Usimvute juu. Kumvuta wima ndiko anakokuweza, na ukishinda, unaweza kumchana ukingo wa diski. Lowesha mikono kwa maji ya bahari, kwani mkono mkavu huondoa ute. Kisha penyeza kucha au kadi laini ya plastiki chini ya ukingo, pembeni karibu na pezi la ubavuni. Maji yakiingia tu, mshiko unakwisha mara moja. Akigoma, mwache. Mweke kwenye chombo cha kioo au plastiki angavu chenye lita moja au mbili za maji ya dimbwi lilelile, kivulini. Baada ya muda mfupi atajibandika ukutani na utaiona diski yote kwa nje: mapezi ya tumboni yaliyotanuka mbele, ukingo wa nyuma, na vinundu pembezoni. Piga picha, umrudishe baada ya dakika chache. Maji kidogo hupata joto upesi na oksijeni hupungua, na samaki anayeanza kujiachia mwenyewe na kuelea ubavu amekwisha kuchoka.

Jiwe lirudishwe kama lilivyokuwa, uso uleule chini. Likiachwa limepinduka, mayai hukaangwa na jua, mwani wa upande wa juu hufa kwa kukosa mwanga, na dume hana tena anachokilinda. Kama chini yake uliona safu ya mayai, usimtoe samaki hata kidogo: wanyama wengine wa mwambani hawachelewi kuyala asipokuwapo. Lishushe jiwe taratibu ukianzia upande mmoja, ukihakikisha hakuna mkia uliobanwa, kisha uende kwenye jiwe jingine.